Unatafuta chuo cha nje na una mtoto mdogo? Anza na kadi ya kliniki

Orodha za vyuo bora duniani utazisoma baadaye, ukipata muda, na huenda usiupate. Mimi ni mama wa mapacha, Kulwa na Doto, walioingia mwezi wa 10 wa umri wao juzi. Nafanya kazi maabara ya kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza na nataka kusoma uzamili wa ikolojia ya maji. Tunaishi Nyegezi: mimi, baba yao ambaye ni mwalimu wa sekondari, watoto, na dada anayetusaidia kazi. Haya ndiyo tuliyofanya mimi na mwenzangu kuchuja vyuo mpaka vikabaki viwili. Nawaandikia wazazi wenzangu ambao wameshaanza kuulizwa "lini unaondoka?" kabla hata hawajajua waende wapi.

Chora mstari wa miezi

Chukua karatasi ndefu. Sisi tuligeuza kalenda ya zamani tukaandika nyuma yake. Andika miezi kuanzia huu tulio nao mpaka masomo yatakapokwisha, na chini ya kila mwezi andika umri wa mtoto. Wetu walizaliwa Januari. Vyuo vingi vya Ulaya hufungua Septemba au Oktoba, kwa hiyo Oktoba ya mwakani watakuwa na miezi 21, na masomo ya miaka 2 yakiisha watakuwa wanakaribia miaka 4. Ukiiona hesabu hiyo imeandikwa, mazungumzo ya nyumbani yanabadilika.

Watu watakwambia usubiri mtoto atembee kwanza. Ushauri huo hauna tarehe. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye afya anaweza kukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 4 na 9 hivi, na kutembea mwenyewe popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na kitu. Kutambaa, wapo watoto wasiopitia hatua hiyo kabisa. Kwangu Kulwa anatambaa mpaka mlangoni na anasimama dede akishika kochi. Doto hana haraka hiyo, anajisogeza kwa makalio na kumwangalia mwenzake akihangaika. Nesi wa kliniki aliwapima wote wawili akasema hakuna tatizo.

Kwa hiyo usipange safari kwa kungoja hatua ya kwanza, panga kwa mpaka wa mwisho. Mtoto akifikisha miezi 18 hajatembea, aonwe na daktari, na ni heri aonwe Bugando, hospitali yetu ya rufaa hapa Mwanza, mahali unapopajua na unapoweza kujieleza kwa Kiswahili, kabla hujampeleka mji ambao hujajua hata basi linasimama wapi.

Alama nyingine za kuweka kwenye mstari ni chanjo. Surua-rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Kama unaelekea Ujerumani zizungushie duara jekundu, maana tangu Machi 2020 sheria yao inataka mtoto wa kuanzia mwaka 1 aonyeshe ushahidi wa chanjo ya surua ndipo apokelewe chekechea, na akifika miaka 2 wanataka dozi 2. Ile kadi tunayoifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe na mvua ni hati ya safari. Piga picha kila ukurasa.

Halafu kuna jambo la kulilia mzazi. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto huanza kuogopa wageni na kulia ukiondoka, na hali hiyo hukolea mpaka mwaka na nusu hivi. Ndiyo iliyotufanya tuondoe wazo la mimi kwenda peke yangu kwa miaka 2. Mama mkwe, aliyeko Magu, alisema tumwachie yeye, mbona hata baba yao amelelewa na bibi. Sikubishana naye. Nilimwonyesha karatasi, nikamsomea umri watakaokuwa nao siku nitakayorudi. Akanyamaza, kisha akauliza kama huko kuna maziwa ya mgando.

Upande wa pili wa karatasi andika saa yako wewe. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, kwa watu wenye uzoefu wa kazi, ule unaoitwa EPOS, unataka angalau miaka 2 ya kazi, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka 6. Mimi nilimaliza chuo miaka 4 iliyopita. Nikisubiri watoto waanze darasa la kwanza, mlango huo utakuwa umefungwa. Kusubiri nako kuna gharama, na wanaokushauri usubiri hawatakulipia.

Chuja nchi kwanza, chuo baadaye

Swali la kwanza kwa kila nchi ni moja tu: mwanafunzi wa ngazi yangu anaruhusiwa kuja na mume na watoto? Usianze na ada wala na sifa za chuo.

Uingereza ilitoka mapema. Tangu Januari 2024, wanafunzi wa uzamili wa kawaida wa darasani hawaruhusiwi kuleta wategemezi. Wanaoruhusiwa ni wa uzamivu na shahada za utafiti, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi 6. Chevening, wa serikali ya Uingereza, ni ufadhili mzuri, lakini haulipii familia. Wafadhili wa Commonwealth wana posho ya mtoto kwa mzazi anayelea peke yake, kwa hiyo mama au baba uliye peke yako usiupite ukurasa wao. Hata ukiruhusiwa kwenda na familia, kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na kiasi hichohicho kwa kila mtegemezi. Watu 4 ni zaidi ya pauni 3,100 kwa kila mwaka wa viza, na inalipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba.

Marekani, kabla hujalipia mtihani wowote, angalia kama viza za wanafunzi zinatolewa kwa Watanzania, kwa sababu vizuizi viliwekwa kuanzia Januari 2026. Zikifunguka, zingatia aina ya viza. Mwenzi wa mwenye F-1, viza ya kawaida ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi; wa mwenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, anaweza kuomba kibali cha kazi. Baba Kulwa alipolisikia hilo la F-1 alisema yeye hawezi kukaa ndani miaka 2 akiangalia theluji. Namwelewa.

Sweden wana chekechea kuanzia mwaka 1 na ada yake ina kikomo, jambo zuri mno, lakini ufadhili wa Swedish Institute hautoi posho ya familia. Kwa watu 4 hesabu yetu haikutimia.

Ujerumani ilibaki. Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo soma jina la jimbo na si jina la chuo tu. Anayejilipia kwa kawaida hutakiwa kuonyesha fedha za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, euro 11,904, anazoruhusiwa kutoa kidogokidogo kila mwezi. Sisi hatuna. Posho ya DAAD ni euro 992 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili, na wanaweza kuongeza posho ya familia inayoambatana nawe. Mwenzi akishapata kibali cha kuishi huko kwa sababu ya familia, anaruhusiwa kufanya kazi. Chuo Kikuu cha Bremen kina uzamili wa ikolojia ya maji ya tropiki, ISATEC, miaka 2, kwa Kiingereza. Kwa mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, hapo ndipo mahali.

Chuo cha pili ni Makerere. Watu wengi wakisikia "nje" wanafikiria ndege. Kampala ni basi: unavuka daraja la Kigongo–Busisi, unapita Geita, Bukoba na mpaka wa Mutukula. Bibi anaweza kuja kukaa mwezi, nami naweza kurudi mtoto akiugua. Anayesomea uvuvi au maziwa makuu hana sababu ya kuona Makerere ni nafasi ya waliokosa. Na kama huwezi kabisa kuondoka kwa miaka 2, kuna mafunzo ya uvuvi ya GRÓ kule Iceland, miezi 6. Si shahada, lakini yanahesabika kazini.

Mwandikie mratibu wa kozi, tena mwulize mambo ya nyumbani

Usiogope kuonekana huna umakini. Barua ya udahili haitakwambia nani atamshika mtoto saa 8 mchana. Mimi niliuliza hivi: vipindi vinaisha saa ngapi? Kazi za uwandani ni wiki ngapi, na zinafanyika wapi? Makazi ya wanafunzi yana vyumba vya familia, na foleni yake ni ndefu kiasi gani? Kuna mwanafunzi mwenye mtoto ninayeweza kuongea naye? Swali la mwisho ndilo lenye faida kuliko yote. Mama aliyekwisha kupita njia hiyo atakwambia kwa dakika kumi ambacho tovuti haiandiki. Ujerumani mtoto wa kuanzia mwaka 1 ana haki kisheria ya nafasi ya malezi ya mchana tangu Agosti 2013, lakini haki ni kitu kimoja na nafasi ni kingine. Huwa zinagombaniwa, kwa hiyo omba jina liandikwe mara tu upatapo udahili.

Uliza pia tarehe halisi ya kuondoka. Ufadhili wa EPOS huwa na kozi ya Kijerumani ya miezi kadhaa kule Ujerumani kabla ya masomo yenyewe. Kwa hiyo mpango wetu, nikipata, ni mimi kutangulia na baba kubaki Nyegezi na watoto hadi wapate dozi ya miezi 18, kisha wanifuate. Ukiwa na mpango kama huo, anza mapema kumzoesha mtoto kulala na baba yake. Usimwachishe ziwa wiki moja na kuondoka wiki inayofuata, ni mishtuko miwili kwa mpigo. Kwetu baba ameshachukua zamu ya usiku ya Doto. Siku za mwanzo kulikuwa na vilio, vingine vya baba.

Karatasi, mapema kuliko unavyodhani

Vyeti vya kuzaliwa kwanza. Watoto chini ya miaka 5 huandikishwa kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Hakiki kila herufi papo hapo, kabla hujaondoka dirishani. Huku kwetu Kulwa huandikwa Kurwa na Doto huandikwa Dotto, kutegemea kalamu iko mkononi mwa nani. Jina la cheti, la pasipoti na la kadi ya chanjo vikitofautiana, utaeleza ubalozini mpaka koo likauke. Majina ya wazazi nayo yafanane na ya NIDA.

Pasipoti ya mtoto ni yake mwenyewe, haandikwi kwenye ya mama siku hizi. Ada ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja, na maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Wenye mapacha, mmeshapiga hesabu.

Cheti cha ndoa. Wapo wengi huku kwetu ambao mahari ilishatolewa, ng'ombe walishahesabiwa, ukoo mzima ulikula pilau, ila karatasi hakuna. Ubalozi hauwajui hao ng'ombe. Kama uko katika hali hiyo, shughulikia usajili mwaka huu.

Mwenzi anayekwenda Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kufaulu Kijerumani cha ngazi ya kwanza, A1, kabla ya viza. Goethe-Institut, taasisi inayofundisha na kutahini Kijerumani, iko Dar es Salaam. Mume wangu anajifunzia kwenye simu, siku hizi anahesabu nepi kwa Kijerumani akizianika.

Nauli na wiki za mwanzo

Safari za nje, mtoto chini ya miaka 2 hupakatwa na hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli ya mkubwa kwenye mashirika mengi. Akitimiza miaka 2 ananunuliwa kiti. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa kupakata mtoto mmoja tu, kwa hiyo baba wa mapacha akija peke yake lazima anunue kiti cha mmoja wao. Tumemwomba shangazi yao mwenye pasipoti ajiandae, viza yake ya matembezi tutaiomba pamoja. Bei tutalinganisha: kiti cha mtoto, au tiketi ya shangazi kwenda na kurudi.

Mizigoni weka kadi za kliniki, nakala zake, na unga wa dagaa uliosagwa laini kama sheria za forodha zinaruhusu, ukijua kuwa vyakula vya nyama na maziwa Ulaya hawavipokei kwa abiria. Muulize daktari wa watoto kule kuhusu matone ya vitamini D. Ujerumani huwapa watoto wachanga, na ngozi zetu kwenye jua lao dogo zinayahitaji zaidi.

Na mtoto akipata homa katika miezi ya kwanza, usingoje uulizwe. Ukifika tu mapokezi sema tumetoka Mwanza, kuna malaria, naomba apimwe leo. Madaktari wa huko huanza kufikiria mafua, na malaria kwa mtoto mdogo haingoji wamalize kufikiria.