Somo: Kuomba tuzo ya utafiti na ruzuku ya safari ukiwa mwanafunzi, kwenye kongamano la majeraha ya ubongo

Wanachama, salaam. Somo hili limeombwa na wengi mlio kwenye uzamili, na wachache wa udaktari mwaka wa nne na wa tano. Hali yenyewe inafanana: mtu ana data ya majeruhi wa bodaboda, ameona tangazo la kongamano Ulaya au Kanada, na chini kabisa ya tangazo kuna mstari unaosema wanafunzi wanaweza kusaidiwa nauli. Aanzie wapi?

Niseme mapema ninachokiamini. Wengi wetu hatuikosi ruzuku kwa sababu utafiti ni dhaifu. Tunaikosa kwenye kalenda na kwenye mfuko. Kibali kimechelewa, ikisiri (muhtasari mfupi wa utafiti) imeandikwa usiku wa mwisho, pasipoti imeisha muda, au ruzuku imetoka kumbe inalipwa ukisharudi, na mwenyewe hana nauli ya kutanguliza.

Hatua ya 1: Jua unachoomba

Tuzo hutolewa kwa ubora wa kazi: ikisiri iliyopata alama za juu, au bango lililowavutia waamuzi siku yenyewe. Mara nyingi ni cheti na fedha kiasi, na huwezi kuipangia bajeti. Ruzuku ya safari huamuliwa kabla ya kongamano, na hapo wanaangalia pia unatoka nchi gani na una chanzo gani kingine cha fedha. Kuna na kitu cha tatu ambacho watu hukipita: punguzo au msamaha wa ada ya usajili. Kama upo, uombe wakati huohuo unapoomba ruzuku. Usisubiri jibu la kimoja ndipo uanze kingine.

Hatua ya 2: Chagua kongamano la kweli

Chama cha kimataifa cha majeraha ya ubongo, IBIA, huandaa kongamano la dunia kila baada ya miaka miwili. La 2023 lilifanyika Dublin na la 2025 Montreal. Ni la watu wa fani zote: madaktari wa upasuaji wa ubongo, wauguzi, wafiziotherapia, wanasaikolojia. National Neurotrauma Society ya Marekani hukutana kila mwaka na ina mashindano ya mabango ya wanafunzi. Huko utafiti wa maabara una nafasi kubwa. Karibu na nyumbani kuna SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kilichoanzishwa 1993, ambacho mkutano wake wa 2017 ulikuwa Entebbe. IBRO, shirika la utafiti wa ubongo lililoanza 1961, nalo limekuwa likiwasaidia vijana wa nchi zetu kuhudhuria mikutano. Soma tangazo la mwaka husika, maana masharti hubadilika.

Sasa tahadhari. Ukipokea baruapepe inayokuita "Profesa mashuhuri" wakati hata tasnifu hujamaliza, ikikualika kuwa mzungumzaji mkuu kwenye kongamano la magonjwa ya ubongo, moyo, kilimo na nanoteknolojia kwa pamoja, ifute. Kongamano la kweli lina chama nyuma yake, lina kamati yenye majina unayoyakuta kwenye majarida, na linaweza kukukataa. Lile linalokukubali ndani ya saa chache linataka ada yako tu.

Hatua ya 3: Kibali

Bila kibali cha maadili usiandike chochote. Chuo kina kamati yake. Utafiti wa Tanzania Bara unaohitaji ngazi ya taifa unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu; Kenya kuna NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kwa leseni ya utafiti. Kuna kipengele ambacho wanafunzi hawakisomi: cheti cha NIMR kina sharti la kupata ruhusa yao kabla ya kuchapisha matokeo. Ikisiri za makongamano haya huchapishwa, za IBIA kwenye jarida la Brain Injury na za wenzao wa Marekani kwenye Journal of Neurotrauma. Kwa hiyo ulizia ruhusa hiyo mapema, kabla dirisha la kuwasilisha halijafunguliwa.

Hatua ya 4: Ikisiri

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ikisiri ndiyo inayosomwa. Maneno 250 au 300, na mwamuzi ana lundo mbele yake.

Kosa la kwanza ninalolikuta ni utangulizi mrefu. Theluthi ya nafasi inakwisha kueleza kwamba majeraha ya ubongo ni tatizo kubwa duniani. Anayesoma anajua, ndiyo kazi yake. Sentensi mbili zinatosha: nini hakijulikani, na wewe uliuliza nini.

Kosa la pili ni matokeo yasiyo na tarakimu. "Wagonjwa wengi walikuwa na jeraha kali" si matokeo. Wengi ni wangapi, kati ya wangapi, na ukali uliupima kwa nini? Kipimo cha fahamu cha Glasgow kipo tangu 1974, kinaanzia 3 hadi 15, na mgawanyo wake unajulikana: 13 hadi 15 jeraha jepesi, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kali. Toa idadi kwa kila kundi. Kama nusu ya mafaili hayana kipimo hicho, sema hivyo; kukosekana kwake ni taarifa kuhusu hospitali zetu, na huenda ndiyo sehemu ya kazi yako itakayozungumziwa zaidi.

Mkitaka kielelezo, tazameni jaribio la CRASH-3 lililotoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2019, kuhusu dawa ya traneksamiki, ya kupunguza kuvuja damu, kwa walioumia kichwa. Walisajili wagonjwa 12,737 katika hospitali 175 za nchi 29. Kwa waliotibiwa ndani ya saa tatu, vifo vitokanavyo na jeraha la kichwa vilikuwa asilimia 18.5 kwa waliopewa dawa na 19.8 kwa wasiopewa. Uwiano wa hatari 0.94, na mipaka yake kutoka 0.86 hadi 1.02. Mipaka inavuka moja, yaani huenda hakuna tofauti, na waliiandika hivyohivyo. Kisha wakaonyesha kwamba kwa majeraha mepesi na ya kati uwiano ulikuwa 0.78, na kwa makali 0.99, yaani hapo hakuna tofauti. Angalieni mpangilio: idadi, kipimo, mipaka, halafu kundi gani lilinufaika na lipi halikunufaika. Hata ukiwa na wagonjwa themanini wa wodi moja, mpangilio ni huohuo.

Kosa la tatu ni hitimisho linaloruka. Umechunguza mafaili ya mwaka mmoja ya hospitali moja, halafu unahitimisha kwamba serikali ibadili sera ya usafirishaji. Baki kwenye wodi yako. Sema kinachoweza kubadilishwa pale, kwa mfano muda kati ya mgonjwa kufika na kupata CT skani.

Ukimaliza mpe mtu asiye wa fani aisome kwa sauti. Akikwama, mwamuzi naye atakwama.

Hatua ya 5: Barua

Barua ya msimamizi iombe wiki kadhaa kabla, tena uende na rasimu. Hili huwatia watu aibu, lakini profesa mwenye wanafunzi ishirini hawezi kukumbuka kwamba wewe ndiye uliyekesha na daftari la wagonjwa wa dharura. Mwandikie mistari mitano ya mambo uliyoyafanya, yeye ataongeza yake. Barua yako mwenyewe isiwe ya kulia umaskini. Wanaotoa ruzuku wanajua unatokea wapi. Waeleze utarudi na nini: njia ya kupima matokeo ya mgonjwa baada ya miezi sita, mtu wa kushirikiana naye, wasilisho kwa idara yako ukirudi.

Hatua ya 6: Bajeti

Andika kila kitu: nauli, malazi, usajili, viza, bima, chakula, usafiri wa kutoka uwanja wa ndege, kuchapa bango. Kisha weka mstari kati ya kinacholipwa na ruzuku na kisicholipwa, na uandike pembeni lini kinalipwa. Safu hiyo ya tarehe ndiyo huamua kama utasafiri.

Hatua ya 7: Viza

Anza siku ileile barua ya kukubaliwa inapofika, hata kama ruzuku bado. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla; ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ayalandi haimo Schengen, kwa hiyo mwenye viza ya Ufaransa haingii Dublin kwa viza hiyo. Kanada ni dola zao 100, na 85 za alama za vidole. Pasipoti iangalie leo, kabla hujamaliza kusoma hapa.

Bango ni jambo dogo: soma vipimo vyao, mara nyingi A0, chapa kwenye kitambaa ili likunjike begini, na nakala ya PDF iwe kwenye baruapepe yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Moshi: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa nne MD, siyo mwanafunzi wa utafiti. Naruhusiwa kuomba?

Marahaba. Inategemea tangazo linavyomtaja mwanafunzi. Wengine wanahesabu kila aliyesajiliwa chuoni, wengine wanataka wa uzamili na uzamivu tu, wengine wanawaongeza madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa. Kama halisemi wazi, waandikie sekretarieti sentensi mbili. Hawakupunguzii alama kwa kuuliza. Ila hakikisha wewe ndiye mwandishi wa kwanza na ndiye utakayewasilisha, karibu wote wanadai hilo.

Mwanachama, Dodoma: Mkuu, ruzuku nimepata, lakini wanarudishia pesa baada ya kongamano kwa risiti. Boom lenyewe (mkopo wa kujikimu) lilishaisha. Nifanyeje?

Hongera kwanza. Pili, usikae kimya mpaka tarehe ya safari. Waandikie waandaaji uombe walipie tiketi na hoteli moja kwa moja. Wapo wanaokubali wakijua mapema, na wasipokubali hujapoteza kitu. Halafu nenda kwa mhasibu wa idara au wa mradi wa msimamizi wako na barua ya ruzuku, uombe masurufu yatakayorejeshwa fedha ikiingia. Masurufu yana saini nyingi, yape mwezi mzima. Michango ya ndugu iwe ya mwisho, na uwaambie wazi kwamba ni mkopo na utarudi lini. Ukiwa safarini, tunza kila stakabadhi pamoja na pasi ya kupandia ndege. Zipige picha jioni ileile, maana karatasi za mashine hufutika.

Mwanachama, Mombasa: Mimi ni mfiziotherapia. Hizi tuzo si za madaktari wa upasuaji?

La, dada. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji anaanza safari ya miezi au miaka, na huko mwenye data ni wewe. Kwenye kongamano la IBIA utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wake, una sehemu kubwa. Tumia kipimo kinachojulikana, kama kile cha matokeo cha Glasgow kilichopanuliwa (si kile cha fahamu; hiki hupima mgonjwa anavyomudu maisha baada ya jeraha), ili kazi yako ilinganishwe na za wengine. Na ueleze ni wagonjwa wangapi walipotea njiani bila kurudi kliniki. Hilo wataliuliza kabla ya lolote.

Mwanachama, Bujumbura: Matokeo yangu hayakuonyesha tofauti yoyote kati ya makundi mawili. Niache?

Usiache. Mwaka 2012 jaribio la BEST TRIP, lililofanyika Bolivia na Ecuador kwa wagonjwa 324, lililinganisha matibabu yanayoongozwa na kipimo cha shinikizo ndani ya fuvu na yale yanayoongozwa na picha na uchunguzi wa kitandani. Kipimo hakikuonekana kuwa bora, na mjadala wake haujaisha hadi leo. Ila kutokuona tofauti kwa wagonjwa wachache si ushahidi kwamba haipo. Andika mipaka ya makadirio yako, ili msomaji aone utafiti wako ungeweza kugundua tofauti ya ukubwa gani.

Mwanachama, Dar es Salaam: Samahani mwalimu, hili ni nyeti. Msimamizi anataka yeye ndiye awasilishe, kazi nimefanya mimi.

Pole. Nenda naye kwa heshima na tangazo mkononi, umwonyeshe kipengele kinachosema ruzuku ni ya mwanafunzi anayewasilisha. Mara nyingi hajakisoma. Jina lake linabaki la mwisho kwenye orodha, ambayo kwenye fani yetu ni nafasi ya mkubwa wa kazi. Akishikilia, kuna mratibu wa uzamili. Mfuate ana kwa ana. Usimwandikie barua yenye nakala kwa watu saba.

Mwanachama, Kampala: Nikinyimwa viza baada ya kupata ruzuku, ruzuku inapotea?

Waandikie siku hiyohiyo, ambatanisha barua ya ubalozi. Uliza mambo matatu: kama unaweza kuwasilisha kwa mtandao, kama mwandishi mwenza aliye huko anaweza kusimama na bango lako, na kama ruzuku inahamishika kwenda kongamano lijalo. Ikisiri yako uliza kama itabaki kwenye kitabu cha kongamano, maana wapo wanaoiondoa mwandishi asipojisajili. Ada ya viza hairudi.