Somo: Kukaa kwenye meza ya alama ya voliboli, tangu cheti hadi sahihi ya mwisho

Katika mechi nyingi za shule, makanisa na ligi za mitaa hapa Kisumu, Kakamega na Nakuru, refa amesomea kazi yake, lakini mezani huketishwa yeyote aliye karibu mwenye kalamu. Tatizo lake halionekani mapema. Huonekana seti ikiwa 22–22, timu moja inadai mpigaji sevu si huyo, na kila mtu anageukia meza. Karatasi iliyojazwa sawasawa humaliza ubishi huo kwa dakika moja. Isiyojazwa sawasawa humnyima mtu haki yake, kwa sababu kanuni inaruhusu kufuta pointi za mzunguko mbovu (sevu zilizopigwa nje ya zamu) pale tu wakati kosa lilipoanza unapojulikana. Anayeujua wakati huo ni karani wa alama peke yake.

Kuhusu cheti

Cheti cha kukubalika kitaifa kinatafutwa kupitia Shirikisho la Voliboli Kenya, KVF, ambalo ndilo linalosimamia mchezo huu nchini pamoja na ligi ya taifa. Ukitaka kukaa meza za ngazi hiyo, anzia tawi la kaunti yako na uulize kozi inayofuata ya waamuzi.

Kwa wanaojitolea kwenye ligi ya mtaa si lazima kungoja kozi. Waandaaji wanaweza kuwapima watu wao, mradi hati wanayotoa iseme wazi kuwa ni ya ligi hiyo na si ya KVF. Kipimo tunachopendekeza ni hiki. Kwanza, msomaji apitie Kanuni Rasmi za FIVB, Shirikisho la Kimataifa la Voliboli, zinazopatikana bure mtandaoni, hasa kanuni ya 7 kuhusu kikosi na mzunguko, ya 15 kuhusu taimauti na mabadiliko, ya 19 kuhusu libero (mchezaji maalumu wa ulinzi), na sehemu zinazoeleza kazi za karani na karani msaidizi. Pili, ajaze karatasi kamili akitazama video ya seti nzima bila kuisimamisha, huku mkaguzi akijaza yake kando. Karatasi mbili zilinganishwe kisanduku kwa kisanduku. Matokeo ya mwisho yakilingana lakini visanduku vya sevu vitofautiane, amefeli, arudie. Tatu, akae kama msaidizi katika mechi 3, kisha kama karani katika mechi 2 akiwa na mjuzi pembeni. Mtihani wa maswali peke yake hautoshi. Wako wanaojua kanuni zote na bado mkono unachelewa mpira ukichangamka.

Hatua ya 1: Kabla ya mechi

Fika dakika 45 mapema. Meza iwe upande ulio mkabala na refa wa kwanza, nawe umtazame. Beba kalamu mbili za wino, saa, karatasi za akiba, kifaa cha sauti (kengele au king'ora kidogo, filimbi hapana, itachanganywa na ya refa) na ubao wenye klipu juu na chini. Klipu ya chini si anasa: upepo wa ziwa hapa Kisumu huanza alasiri, saa zile zile za mechi. Kama karatasi yako ina nakala za kaboni, bonyeza kalamu kwa nguvu, na usiandike kitu kingine chochote juu yake.

Jaza jina la mashindano, uwanja, tarehe, majina na namba za wachezaji. Namba ya nahodha izungushiwe duara. Libero wana mahali pao. Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka: linganisha namba za orodha na zilizo mgongoni wakati timu zinapasha misuli. Jezi za shule hubadilishwa asubuhi hiyo hiyo, na namba isiyo kwenye orodha ni balaa seti ikishaanza. Makocha na manahodha wote watie sahihi kabla ya mechi. Baada ya kura ya sarafu, timu iliyo kushoto kwako inakuwa A, ya kulia B.

Hatua ya 2: Kikosi cha kuanza

Kila seti, kocha huleta karatasi ya nafasi 6. Nafasi ya 1 ni nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 mbele katikati, 4 mbele kushoto, 5 nyuma kushoto, 6 nyuma katikati. Unazihamisha kwenye safu wima I hadi VI kwa mpangilio huo huo. Hakikisha namba ni 6 tofauti, zote zimo kwenye orodha, na hakuna ya libero. Karatasi hii ni siri ya timu. Usiiache wazi mezani. Ikichelewa, mwambie refa wa pili papo hapo. Si kazi yako kumfuata kocha.

Hatua ya 3: Visanduku vya sevu

Hapa ndipo ukarani wenyewe ulipo. Mambo mengine yote unaweza kuyafundisha kwa saa moja.

Chini ya kila safu, I hadi VI, kuna visanduku vyenye namba 1, 2, 3 na kuendelea, yaani zamu za mchezaji huyo kupiga sevu. Tuseme A inaanza na sevu. Weka alama ya vema kwenye kisanduku 1 cha safu I ya A. Kwa B, weka X kwenye kisanduku 1 cha safu I, kwa sababu ikishinda mpira itazunguka kwanza, na mpigaji wake wa kwanza atakuwa wa safu II. X hiyo ikisahaulika, B nzima itasogea mchezaji mmoja na hutagundua hadi mtu alalamike.

Sasa A inapata pointi 3 mfululizo. Kata mstari mshazari kwenye 1, 2, 3 za safu ya pointi za A. B inashinda mpira wa nne. Fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: kata 1 ya B; andika 3 kwenye kisanduku cha mpigaji wa A aliyemaliza; weka vema kwenye safu II ya B na utazame namba ya jezi inayoenda kupiga. B ikipata 2 zaidi inakuwa na 3. Ikipoteza, kata 4 ya A, andika 3 kwenye kisanduku cha safu II ya B, na vema iende safu II ya A. Ukifika VI, unarudi I, kisanduku 2.

Kumbuka kwamba timu inayopokea haiwezi kupata pointi bila kupata sevu pia. Kwa hiyo mpigaji anaanza zamu yake timu ikiwa na idadi ya kisanduku kilichotangulia cha timu hiyo hiyo, ongeza 1. Namba za visanduku vya timu moja lazima zipande. Mbili zinazofuatana zikilingana, umekosea, na usingoje mwisho wa seti kutafuta wapi. Jizoeze pia kulinganisha kila sevu inapohama: pointi ya mwisho iliyokatwa, kibao cha alama, na kisanduku. Kibao kikitofautiana na karatasi, inayohesabika ni karatasi.

Mpigaji asiye wa zamu yake anapoushika mpira, nyamaza. Usimwonyeshe, usimtazame kocha wake. Subiri mpira upigwe, kisha piga kengele papo hapo. Ukionya mapema, umeisaidia timu moja.

Hatua ya 4: Taimauti, mabadiliko, adhabu

Kila timu ina taimauti 2 za sekunde 30 kwa seti na mabadiliko 6. Unapoandika alama ya wakati huo, pointi za timu iliyoomba hutangulia: A ikiomba ikiwa nyuma, ni 8:10, si 10:8. Mabadiliko yana mtego. Mchezaji wa kuanza anaweza kutoka na kurudi mara moja tu kwa seti, na hurudi mahali pake. Wa akiba huingia mara moja kwa nafasi ya mwenzake wa kuanza, na atakayemtoa ni huyo huyo. Kwa hiyo mchezaji anaposogea kwenye eneo la mabadiliko, piga kengele, tazama safu wima kama inaruhusu, andika namba yake chini ya anayetoka pamoja na alama. Yule wa kuanza akirudi, namba ya wa akiba inazungushiwa duara, na safu hiyo imefungwa. Mechi isiendelee kabla hujainua mikono miwili kuonyesha umemaliza. Marefa wenye haraka wapo, wewe usiharakishwe. Mjulishe refa wa pili taimauti ya pili inapochukuliwa, na mabadiliko ya 5 na ya 6.

Adhabu zina jedwali lake, na refa atakuambia cha kuandika. La kukumbuka ni moja: pointi iliyopatikana kwa kadi nyekundu ya wapinzani huzungushiwa duara, haikatwi mshazari.

Hatua ya 5: Kufunga seti na mechi

Andika saa ya mwisho, zungushia duara pointi za mwisho za timu zote mbili kwenye visanduku vya sevu, na anza kuhesabu dakika 3 za mapumziko. Katika seti ya uamuzi, ya pointi 15, timu ya kwanza kufikisha 8 husababisha kubadilishana pande. Watangazie marefa pindi 8 inapokatwa. Karatasi ya seti hii ina sehemu tatu: timu iliyokuwa kushoto unaihamishia sehemu ya tatu, pamoja na namba zote, mabadiliko, taimauti na zamu ya sevu ilipofikia. Andika pia pointi zake wakati wa kubadilishana. Mzunguko hauanzi upya.

Mwisho wa mechi jaza matokeo, tia sahihi yako, kisha manahodha, kisha marefa.

Maswali ya wanachama

Swali (Nakuru): Mwalimu, tuligundua mpigaji si wa zamu yake baada ya timu kupata pointi 3. Wengine walisema zibaki kwa kuwa refa hakuona. Ipi ni sahihi?

Jibu: Zinafutwa, ikiwa karatasi inaonyesha zilianza wapi. Tuseme kisanduku kilichotangulia cha timu hiyo kina 11. Maana yake zamu ilianza ikiwa na 12. Wapinzani wana 10. Sasa kibao kinasoma 15–10. Timu inarudi 12, wapinzani wanapata pointi 1 na sevu: 12–11, na wachezaji wanarudishwa kwenye mpangilio wao. Ile ya 12 haiguswi kwa sababu ilipatikana kabla ya kosa. Pointi za wapinzani hubaki daima.

Swali (Kisumu): Libero akiingia na kutoka, nihesabu mabadiliko?

Jibu: Hapana, hayana kikomo wala hayahesabiwi kati ya yale 6. Lakini lazima mpira mmoja uchezwe kati ya kuingia na kutoka kwake, na kwa kanuni za FIVB hapigi sevu. Hii ndiyo kazi ya karani msaidizi, kwenye karatasi yake ya pili. Kama uko peke yako, chora safu mbili kwenye karatasi tupu: namba ya aliyetoka, na alama wakati huo. Usiandike chochote cha libero kwenye visanduku vya mabadiliko.

Swali (Bungoma): Nahodha alikuja mezani kuuliza nani wa kupiga sevu. Nimjibu?

Jibu: Apitie kwa refa. Anaweza kuomba nafasi zikaguliwe, naye ataambiwa kama timu yake imesimama sawa au la. Wachezaji gani wa wapinzani wako mbele au nyuma, haambiwi.

Swali (Nakuru, tena): Nikikosea kuandika nifute kwa raba au wino mweupe wa kufutia?

Jibu: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi pembeni, na kama kosa linagusa alama mwite refa wa pili kabla ya sevu inayofuata. Sehemu ya maelezo chini ya karatasi ipo kwa ajili hiyo. Karatasi iliyofutwa-futwa haiaminiki hata ikiwa sahihi.

Swali (Kakamega): Kwetu mvua ya saa tisa ni ya kila siku. Mechi ikikatizwa katikati ya seti, naandika nini?

Jibu: Andika saa iliyosimama, alama, namba ya mpigaji na kisanduku alichomo, wachezaji 6 walio uwanjani kwa nafasi zao, mabadiliko na taimauti zilizotumika, kisha ingiza karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Mkirudi kwenye uwanja ule ule na vipindi vyote vya kusimama havijazidi saa 4, seti inaendelea pale pale ilipoachwa. Mkihamia uwanja mwingine ndani ya saa hizo, seti iliyokatizwa inafutwa na kuchezwa upya kwa vikosi vile vile vya kuanza. Seti zilizokwisha hubaki, na adhabu zote hubaki pia. Zikizidi saa 4, mechi nzima inarudiwa. Muda huo unapimwa kwa saa uliyoiandika wewe, kwa hiyo iandike mchezo unaposimama, kabla ya kuinua meza kukimbilia barazani.