Jinsi ya Kuishi Chiang Mai kwa Kipato cha Mtandaoni

Hatua ya kwanza ni kupata mteja wa kudumu ukiwa bado nyumbani, anayelipa kwa yuro au dola. Unafuu wa maisha ya Chiang Mai, mji wa kaskazini mwa Thailand, hauna faida kwa asiye na kipato, na viza utakayoiomba, inayoitwa DTV, inakuruhusu kuwafanyia kazi waajiri na wateja walio nje ya nchi hiyo pekee.

Hatua ya pili ni viza yenyewe, ambayo ilianzishwa Julai 2024. Hudumu miaka 5, na kila unapoingia unaruhusiwa kukaa siku 180. Iombe kwa njia ya mtandao kabla ya kuingia Thailand, ukiambatisha mkataba au sampuli za kazi zako pamoja na taarifa ya benki yenye akiba isiyopungua baht 500,000. Hapa ndipo wengi hukwama, na sioni njia ya mkato: fedha zilizoingia kwa mkupuo wiki iliyopita huzua maswali. Anayetoka Kenya au Tanzania abebe pia cheti cha homa ya manjano, na achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Tatu, nyumba. Usilipe kabla ya kuiona, kwani kwa kawaida utadaiwa kodi ya mwezi mmoja na amana ya miezi miwili. Uliza bei ya uniti ya umeme, maana wapo wenye nyumba wanaotoza baht 7 au 8 ilhali bei ya shirika la umeme ni takriban 4, na kiyoyozi hakina huruma. Hakikisha pia kwamba mwenye nyumba amekuandikisha uhamiaji kwa fomu ya TM30. Mwezi Machi moshi wa mashamba na misitu huufunika mji. Mwenye pumu apange kuwa kwingine.

Nne, ratiba. Mteja wako akiwa Ujerumani, kwa mfano, saa tatu asubuhi ya Berlin wakati wa baridi ni saa tisa alasiri Chiang Mai, kwa hiyo siku ya kazi itaisha saa tano usiku.

Mwisho, kodi ya mapato. Ukikaa siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda, mapato ya nje unayoyaingiza Thailand yanaweza kutozwa kodi, kwa utaratibu ulioanza 1 Januari 2024. Ndiyo maana akiba uliyokuja nayo na malipo mapya ya wateja vikae katika akaunti mbili tofauti tangu siku ya kwanza.