Ukitaka kazi ya benki ya uwekezaji, chuo ujaze kozi gani?

Madogo wa fomu siksi, tuelewane kwanza, hii siyo kazi ya kukaa dirishani kupokea amana. Ni kuisaidia kampuni itafute hela nyingi sokoni au inunue kampuni nyingine. Vodacom Tanzania walipouza hisa milioni 560 mwaka 2017 kwa sh 850 kila moja, kuna watu walikesha wakipiga hesabu mpaka hiyo 850 ikapatikana, wakaandika waraka wa matarajio (kitabu kinachomweleza mnunuzi wa hisa kampuni ikoje), ukaenda CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, ukapitiwa. Ndo kazi yenyewe hiyo.

Sasa kozi. Wengi wanakimbilia jina, eti Benki na Fedha kisa imeandikwa benki. Mi nasema chukua orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, angalia uhasibu unafika mpaka mwaka wa ngapi, takwimu zipo kiasi gani, na kuthamini kampuni kunafundishwa au hakuna kabisa. Uhasibu na Fedha, au BCom ya fedha, ndo njia fupi. Aktuaria (hesabu za bima na hatari) ya UDSM au IFM ni nzuri sana kama umetoka PCM au EGM na hesabu haikutishi, ila uhasibu utajiongezea mwenyewe. Uchumi sawa, mradi masomo ya hiari uchukue yenye namba. Sheria nayo ina mlango wake, si mnakumbuka kampuni ya Scancem walivyotaka kununua Tanga Cement na 2022 Baraza la Ushindani likazuia, hapo wanasheria walipata kazi kweli kweli. Utawala wa Biashara wa jumla jumla ningeuweka mwisho, unagusa kila kitu juu juu.

Ukifika chuo jipime na swali hili, kwenye usaili linapendwa mno: uchakavu wa mashine (thamani yake inayokatwa vitabuni kila mwaka kama gharama) ukiongezeka milioni 10, kodi ya kampuni asilimia 30, cash inakuwaje? Faida baada ya kodi inashuka milioni 7, sawa, lakini ile 10 haijatoka mfukoni kwa mtu, ni maandishi tu, na kodi imepungua milioni 3, kwa hiyo cash inapanda milioni 3 (tuseme TRA wameukubali huo uchakavu, maana wao wana viwango vyao). Kozi ikikutoa mwaka wa pili huwezi kueleza hilo, anza kujisomea na Eksel yako pembeni.

CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina ngazi tatu na ada yake ni dola, usiikimbilie na hela ya bumu. CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA (bodi ya wahasibu), iko karibu zaidi, ukisoma uhasibu kuna mitihani unasamehewa.

Halafu fildi, jamani, msiende tawi la benki la karibu na nyumbani kisa nauli, mtaishia kupanga mafaili. Andika barua mapema kwa madalali wa DSE (soko la hisa la Dar) na vitengo vya ushauri vya kampuni za ukaguzi, wengi wanaingilia huko, na Dar wakikunyima jaribu Nairobi.