Namna ya Kulipima Upya Funzo la Maadili Ulilopewa Utotoni

Mafunzo ya maadili tunayopewa utotoni huwa mafupi kwa sababu mtoto mdogo hawezi kushika masharti mengi kwa wakati mmoja. Huambiwa asiseme uongo, avumilie, awasikilize wakubwa, basi. Tatizo huanza pale mtu mzima anapoendelea kuifuata amri hiyo vilevile katika mambo ambayo aliyeitoa hakuyafikiria kamwe.

Anza kwa kuliandika funzo lenyewe kwa maneno uliyoyasikia, wala usilipambe. Tuchukue lile ambalo wengi wetu tumekua nalo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Chini yake eleza ni nani aliyekuambia, kulikuwa kumetokea nini, na uliogopa nini wakati ule. Hofu hiyo ina uzito kuliko tunavyodhani. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget aliwasimulia watoto habari za mwenzao aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, na za mwingine aliyevunja kikombe 1 alipokuwa akichukua jamu kwa siri. Watoto wadogo walielekea kumwona wa vikombe 15 kuwa ndiye mkosaji zaidi, ilhali wakubwa zaidi walianza kuitazama nia. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mzazi alifundisha jambo moja, nawe ukabaki na jingine, kwa kuwa ulichokiona wewe ni hasara na hasira tu.

Kisha jiulize funzo hilo lilikuwa linalinda nini. Amri ya kuwatii wakubwa humlinda mtoto asiyejua hatari ya moto wala ya maji yenye kina, na nguvu yake inategemea mambo mawili ambayo hayakutajwa: kwamba mkubwa anajua zaidi, na kwamba anakutakia mema. Sasa mfikirie mfanyakazi aliye kikaoni, ameona kwamba jumla iliyo kwenye taarifa ya mkuu wake haiafikiani na risiti alizozikagua mwenyewe. Mkuu anauliza kama kuna swali. Yeye anainamisha macho kwenye karatasi, anaigeuzageuza kalamu, na taarifa inapitishwa. Anadhani ameonyesha heshima. Kwa maoni yangu, hapo funzo limegeuka kizuizi, kwa sababu katika jambo hilo anayejua zaidi ni yeye, na heshima ya kweli ingekuwa kumwambia mkuu wake kwa upole kwamba hesabu zina kasoro.

Ukishayataja masharti yaliyofichika, lijaribu funzo kwenye jambo gumu, lakini jihadhari na nafsi yako. Mwaka 1797 mwanafalsafa Immanuel Kant alishikilia kwamba hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako, si halali kumdanganya. Wengi wetu hatuwezi kukubali hivyo, wala mimi sikubali, maana uhai wa asiye na hatia una haki yake. Hata hivyo, hofu iliyo nyuma ya msimamo huo ni ya haki: anayejiruhusu kuvunja kanuni mara moja hupata sababu ya kuivunja tena. Kipimo ninachokiamini ni kuuliza kama ungekubali ruhusa hiyohiyo itumiwe na mwingine dhidi yako. Kama hukubali, huenda unatafuta nafuu yako tu.

Aliyekufunza akiwa bado hai, mwendee, si kwa mabishano. Swali kama "Mama, ulipokuwa ukitusisitizia hivyo, ulikuwa unahofia nini?" humpa nafasi ya kueleza yale ambayo hukuweza kuelewa wakati ule, na mara nyingi utakuta kwamba yeye mwenyewe hakukusudia utii usio na mipaka.

Mwishowe liandike upya funzo kwa sentensi moja, pamoja na sharti lake, kisha angalia utakavyolifundisha. Hapa pasiwe na ajizi. Mtoto anayeambiwa awatii wakubwa aambiwe papo hapo kwamba mkubwa anayemtaka atunze siri inayomtia hofu, au anayemgusa kwa namna asiyoitaka, hastahili kutiiwa. Atajiwe watu wawili au watatu wa kuwaendea, na ahakikishiwe kwamba hatapigwa wala kukaripiwa kwa kusema.