Gari likilia, lisikilize kwanza

Wateja wanakuja hapa kwangu Pasua, Moshi, na neno moja tu: "Fundi, gari linalia." Linaliaje, saa ngapi? Kimya. Basi kabla hujaja, fanya hivi.

Washa asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua boneti, zima redio. "Kwiii" inayozidi ukiwasha taa au AC mara nyingi ni fenibelti, ule mkanda wa mpira unaozunguka mbele ya injini. Mwezi wa saba, baridi ikishuka, naipata sana. Nyunyizia maji kidogo upande wa belti wenye mifereji, mkono na mtandio vikae mbali. Mlio ukizidi, belti imelegea. Ukinyamaza kisha ukarudi, huenda puli, yaani magurudumu yanayozungusha belti, hazijakaa mstari mmoja.

Ukisikia mkwaruzo, chukua bisibisi ndefu: ncha iguse bodi ya oltaneta (inayochaji betri), mpini weka sikioni, halafu hamia wota pampu (inayosukuma maji ya kupoza injini). Beringi, ile inayofanya kifaa kizunguke laini, ikifa inasikika kama mtu anasaga changarawe.

"Tik-tik" ya juu ya injini? Zima, subiri dakika tano gari likiwa tambarare, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kwanza ndipo tuongee.

"Ko-ko-ko" nzito ya chini, inayoenda kasi ukikanyaga mafuta, haina mjadala. Zima hapo hapo, hata kama watoto wanachelewa shule, uite gari la kubeba. Ukijikongoja nalo mpaka kwangu, konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, inaweza kutoboa bloku, yaani mwili wa injini, na hapo nitakuuliza kama una hela ya injini nyingine.