Kanga za Bibi kwenye Linoleumu: Namna ya Kuchonga Mfululizo wa Picha za Chapa

Anayetaka kuchonga mfululizo wa picha kuhusu utambulisho na kumbukumbu za jamii yake hukwama mapema anapochagua mada pana mno, kwa kuwa neno "utamaduni" halichongeki. Chagua kitu kimoja kinachoshikika. Mimi nilichagua kanga zilizomo katika sanduku la bibi yangu, na maelezo haya yanafuata kazi hiyo: kuchonga picha kwenye vibao vya linoleumu, kuvipaka wino na kuvichapa kwenye karatasi.

Anza kwa mazungumzo. Keti na mwenye kumbukumbu, umwombe ruhusa, kisha umuulize kila kanga ilivaliwa lini na ilitoka kwa nani: kisutu cha harusi, kanga iliyokuwa mbeleko ya watoto, kanga ya msibani. Andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata yale yanayoonekana hayana uzito, maana picha bora mara nyingi hutokana na jambo dogo, kama vile fundo kwenye ncha ya kanga ambamo bibi alifungia hela ya sokoni. Picha sita zinatosha.

Mpangilio utaupata katika kanga yenyewe, yenye pindo, mji na jina. Pindo libaki lilelile katika vibao vyote, kwa mfano safu ya korosho, ili mtazamaji aone kuwa picha hizi ni za ukoo mmoja; tukio likae katikati, penye mji, na jina liandikwe chini yake. Kibao cha sentimita 30 kwa 20 kinakaribiana na umbo la kanga. Linoleumu hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo) juu ya kitambaa cha juti, kwa hiyo ikiwa ngumu iweke juani dakika chache, italainika.

Maandishi ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu chapa hugeuza kila kitu kama kioo. Chukua jina WEMA HAUOZI: herufi W, M, A, H, U, O na I hazibadiliki zikigeuzwa, lakini E na Z hugeuka, nazo ndizo zitakazokuumbua, sambamba na mpangilio wa herufi unaopaswa kuanzia kulia. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, uilaze kifudifudi juu ya kibao, kisha usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umeshageuka. John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kufanya kazi Namibia, alichonga sentensi nzima ndani ya picha zake za linoleumu, na kazi yake inafaa kutazamwa kabla hujashika patasi.

Chonga ukielekeza patasi mbali na mkono unaoshikilia kibao. Utakachoondoa kitabaki cheupe, utakachoacha kitashika wino. Nasisitiza hapa: uso wa mtu mweusi usiuchonge ukawa mweupe mtupu wenye mistari ya pembeni tu. Uache ushike wino, kisha utoe mwanga kwa mikwaruzo mifupi kwenye shavu, puani na kwenye paji la uso, kwani mfululizo unaohusu utambulisho hauwezi kuanza kwa kufuta rangi ya wenyewe.

Tandaza wino mwembamba kwa rola juu ya kioo, uupake kwenye kibao, uweke karatasi, usugue kwa mgongo wa mwiko wa mbao, na uinue pembe moja kwanza kuangalia kabla ya kuibandua yote.

Nakala ya majaribio mpelekee aliyekusimulia kabla hujachapa na kuzipa namba zilizobaki. Akikuambia kwamba fundo lilikuwa upande wa kushoto, kagua kwanza kama hukusahau kuligeuza; sehemu iliyokwisha kuchongwa hairudi, hivyo kibao hicho utalazimika kukianza upya.